Chai ya Kericho, dhahabu ya Darfur

Kabla ya vita, asubuhi ya Khartoum ilianza kwa mama wa chai, sitt al-shai kama Wasudani wanavyomwita. Alifika wakati kivuli cha mwarobaini kingali kirefu, akapanga vigoda vya kusukwa kwa kamba, akapepea mkaa, akaweka makopo yake mbele: sukari, karafuu, iliki, tangawizi, nanaa. Chai aliyoitoa ilikuwa nyeusi, kali, tamu kupita kiasi, ndani ya bilauri ndogo ambayo ni lazima uishike kwa ncha za vidole. Wengi wa akina mama hao walikuwa wamekimbia vita za zamani za Darfur na Milima ya Nuba. Na majani mengi yaliyotiwa kwenye birika zao yalichumwa Kenya, yakauzwa kwenye mnada wa Mombasa, yakapanda meli hadi Port Sudan.

Machi 2025 biashara hiyo ilikatwa kwa tangazo moja. Serikali ya kijeshi iliyokuwa imehamia Port Sudan ilipiga marufuku bidhaa zote kutoka Kenya, chai ikiwamo. Kisa kilikuwa mkutano wa mwezi uliotangulia. Wapiganaji wa RSF, walio vitani na jeshi la taifa, walikutana na washirika wao katika jumba la KICC jijini Nairobi, na siku chache baadaye ikatiwa saini hati ya kuunda serikali yao wenyewe. Sudan ikamwita balozi wake nyumbani. Nairobi ikajitetea kwamba inatafuta amani tu na haijamtambua yeyote. Wakati wakubwa wanajibizana, makontena ya chai yalikuwa yamekwama. Mkulima wa Kericho, anayehesabu miezi mpaka bonasi yake ilipwe, akajikuta na hasara iliyopikwa kwenye ukumbi ambao hakualikwa.

Naanza na chai kwa sababu inaonyesha kitu ambacho mazungumzo yetu kuhusu Sudan hukipita. Tumezoea kusema vita ya jirani inatumwagikia, kama uji uliofurika chunguni: moto ni wa kwao, sisi tunaunguzwa na matone. Nimefuatilia biashara ya Sudan kwa miaka mingi na siamini tena picha hiyo. Vita hii ililishwa kutoka nje tangu siku ya kwanza. Mali inayotoka Sudan na silaha zinazoingia hupita njia zinazokaribiana sana, na mara nyingi hushikwa na mikono ileile. Anayeuliza vita ya Sudan inaiathiri vipi dunia ameuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni jinsi dunia inavyoifanya vita hiyo iwezekane, na hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Historia yake ya karibu ni fupi na chungu. Omar al-Bashir aliangushwa Aprili 2019 na umma uliokesha barabarani. Juni mwaka huohuo vijana waliokuwa wamepiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi waliuawa kwa risasi. Oktoba 2021 majenerali wawili, Abdel Fattah al-Burhan wa jeshi na Mohamed Hamdan Dagalo wa RSF, anayejulikana zaidi kama Hemedti, waliipindua serikali ya mpito. Kisha, tarehe 15 Aprili 2023, wakageukiana. Tangu hapo zaidi ya watu milioni 12 wameyahama makazi yao, karibu milioni 4 kati yao wakivuka mipaka. Umoja wa Mataifa unasema hakuna mahali pengine duniani penye wakimbizi na waliohamishwa wengi kiasi hicho kwa sasa.

Hemedti mwenyewe hakuota kama uyoga. Wapiganaji wake wa mwanzo walitoka kwa janjaweed, wanamgambo waliochoma vijiji vya Darfur kuanzia 2003. Bashir aliwapa sare na jina rasmi mwaka 2013. Miaka michache baadaye maelfu yao walikodishwa kwenda kupigana Yemen, upande wa muungano wa Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, na huko wakapata fedha, silaha na marafiki. Kikosi cha mashambani kilirudi nyumbani kikiwa kampuni yenye jeshi, au jeshi lenye kampuni, chagua unavyotaka. Wageni walilipia askari wa kukodi. Wasudani wakabaki nao.

Sasa tufuate bomba la mafuta, maana hapa Afrika Mashariki imeguswa moja kwa moja.

Sudan Kusini, mwenzetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, hutegemea mafuta kwa takriban sehemu 9 kati ya 10 za mapato ya serikali. Haina bahari. Mafuta ya Upper Nile husafiri karibu kilomita 1,500 ndani ya bomba, yakikatiza ardhi ya Sudan mpaka Port Sudan. Tena si mafuta mepesi. Yana nta nyingi, na yakipoa huganda kama samli iliyoachwa nje usiku wa baridi. Ndiyo maana njiani kuna vituo vya kuyapasha moto na kuyasukuma, na vituo hivyo vinataka dizeli, mafundi na simu inayofanya kazi. Vita ilipozizingira sehemu za njia hiyo, dizeli haikufika na mafundi hawakuweza kwenda. Februari 2024 mafuta yakaganda ndani ya bomba, msukumo ukazidi, bomba likapasuka katika eneo la mapigano ambalo hakuna fundi aliyeweza kulifikia. Mwezi uliofuata Sudan ikatangaza kwamba haiwezi kutimiza mikataba ya usafirishaji, na hali hiyo ikaendelea hadi Januari 2025.

Juba nzima ililisikia bomba hilo. Paundi ya Sudan Kusini ilianguka, watumishi wa serikali wakakaa miezi bila mshahara, askari pia. Mfanyabiashara wa Kampala anayepeleka unga na sabuni Juba alikuta wateja wale wale, mifuko mitupu. Dereva wa lori anayetoka Mombasa kupitia Nimule alikuta mizigo imepungua na vizuizi vya barabarani vimeongezeka, kwa sababu askari asiyelipwa hujilipa mwenyewe. Siasa za Juba zilizokuwa zimefungwa kwa kamba ya fedha za mafuta zilianza kufunguka, na Machi 2025 Riek Machar, makamu wa kwanza wa rais, akawekwa kizuizini. Sisemi bomba peke yake lilileta hayo. Nasema serikali inayonunua utulivu kwa fedha taslimu haiwezi kukaa karibu mwaka mzima bila fedha hizo pasipo kitu kukatika.

Tazama kilichotokea Desemba 2025 huko Heglig. RSF waliliteka eneo hilo la visima na mitambo, ambalo pia husafisha mafuta ya Sudan Kusini. Zikapita siku chache tu, yakafikiwa makubaliano ya pande tatu: askari wa Sudan Kusini waingie, mitambo ilindwe, mafuta yaendelee kutiririka. Watu walioshindwa kukubaliana kuruhusu malori ya unga kufika kwenye kambi zenye njaa walikubaliana haraka kuhusu pampu. Mimi habari hiyo ilinikaa rohoni kuliko hotuba zote za wapatanishi. Inaonyesha kwamba majenerali hawa wanajua kusimamisha risasi pale penye kitu wanachokihitaji wote wawili.

Kutoka Heglig ukipanda kaskazini ndani ya Kordofan unaingia nchi ya migunga. Mvua zikiisha, kuanzia Oktoba, mkulima hutoka na sonki, chuma chenye ncha kilichofungwa kwenye mpini mrefu. Hutafuta tawi la mti wa hashabu, huligusa kwa ncha, kisha huvuta ganda taratibu mpaka litoke utepe mwembamba, bila kuujeruhi mti ndani. Akikosea, mti hufa. Akipatia, baada ya wiki 4 hadi 6 atakuta machozi ya rangi ya kaharabu yameganda kwenye jeraha, mengine makubwa kama tende. Huyakusanya kwa mkono, moja moja, kikapuni. Hiyo ndiyo gundi ya Kiarabu, na zaidi ya theluthi mbili ya gundi yote inayouzwa duniani hutoka Sudan.

Msomaji, huenda umeimeza leo. Ndiyo inayozuia mafuta ya ladha kwenye soda yasielee juu ya chupa. Imo kwenye pipi, kwenye ubani wa kutafuna, kwenye maganda ya vidonge, kwenye wino. Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo mwaka 1997, gundi hiyo iliachwa nje ya marufuku kwa sababu viwanda havikuwa na pa kuipata kwingine kwa wingi huo. Mwaka 2007, vikwazo vilipokazwa kwa sababu ya Darfur, balozi wa Sudan mjini Washington, John Ukec, alisimama mbele ya waandishi wa habari akiwa na chupa ya Coca-Cola mkononi, akadokeza kwamba nchi yake ingeweza kuzuia gundi na soda ikakosekana. Wengi walicheka. Lakini mtu huyo alikuwa anasema ukweli kuhusu jinsi tulivyofungamana.

Leo mashamba mengi ya migunga yako chini ya RSF au yako kati ya mistari ya mapigano. El Obeid, mji wa mnada mkuu wa gundi, ulizingirwa kwa muda mrefu kabla jeshi halijaifungua njia mwanzoni mwa 2025, na mji wa El Fasher, Darfur, ulipoanguka mikononi mwa RSF Oktoba 2025 uzito wa vita ukahamia tena Kordofan. Gundi haijaacha kutoka. Imebadili njia. Hulipiwa ushuru kwa wenye bunduki kila baada ya safari fupi, huvushwa kimagendo kwenda nchi jirani, na huko hupewa karatasi za kuonyesha kwamba ilizaliwa huko. Ikifika kwenye kiwanda cha Ulaya na kusagwa kuwa unga mweupe, mti ulioitoa hauwezi kutambulika.

Wapo wanaonufaika bila kutaka. Sudan ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa ufuta duniani. Mnunuzi wa China au Japani akiukosa ufuta wa Gedaref hutazama Lindi na Mtwara. Mkulima wetu wa Ruangwa anaweza kuiona bei imepanda kwenye mnada wa chama cha ushirika na asijue kwamba nyuma yake yupo mwenzake aliyekimbia shamba likiwa limeiva. Hana kosa. Lakini sisi tunaoandika habari za bei tunapaswa kumwambia.

Na sasa dhahabu, kiini cha jambo lote.

Sudan Kusini ilipojitenga mwaka 2011 iliondoka na visima vingi vya mafuta, na Khartoum ikakimbilia dhahabu. Wachimbaji wadogo walimiminika jangwani kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2017 Hemedti aliuchukua mlima wa Jebel Amer, Darfur Kaskazini, mgodi uliomfanya tajiri kabla hajawa mtu wa kuogopwa kitaifa. Namna dhahabu inavyosafiri ni rahisi mno, na urahisi huo ndio nguvu yake. Mawe husagwa, huchanganywa na zebaki, zebaki hufukuzwa kwa moto, hubaki donge la njano linaloenea kiganjani. Kilo moja huingia kwenye mfuko wa koti. Haihitaji bomba, haihitaji meli, haiozi. Husafiri kupitia Chad, Libya, Misri, au hupanda ndege moja kwa moja, na mwisho wa safari, mara nyingi sana, ni Dubai. Pale huyeyushwa pamoja na dhahabu ya Ghana, ya Mali, ya Kongo. Ikishapita kwenye kalibu haina tena kabila wala kijiji.

Wasomaji wa Bunia na Bukavu hawahitaji kuelezwa hili kwa kirefu. Dhahabu ya Ituri na Kivu imepita njia kama hiyo kwa zaidi ya miaka 20, kupitia Kampala na kwingineko, na ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeandika hivyo mwaka baada ya mwaka.

Falme za Kiarabu zinakana kwamba zinawapa RSF silaha. Serikali ya Burhan ilizishtaki mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague mwaka 2025, ikidai zinashiriki katika mauaji ya kimbari dhidi ya Wamasalit wa Darfur. Mei mwaka huo mahakama ikaifuta kesi kwa kuwa haina mamlaka ya kuisikiliza, bila kupima ushahidi wenyewe. Jambo linalopaswa kutukosesha usingizi ni jingine. Jeshi hilohilo lililokwenda The Hague nalo huuza dhahabu kuendesha vita, na sehemu kubwa ya dhahabu yake rasmi ilikuwa ikienda kwenye soko lilelile la Dubai. Maadui wawili wanauana Kordofan, mali yao inapangwa rafu moja.

Upande wa pili wa njia, tazama kinachorudi. Mwaka 2024 Amnesty International ilionyesha picha za magari ya deraya yaliyotengenezwa Falme za Kiarabu, yakitumika Darfur, yakiwa yamefungwa mfumo wa kujikinga wa Kifaransa. Mwaka uliofuata shirika hilo likaonyesha mabomu na mizinga iliyotengenezwa China. Upande wa jeshi una droni za Iran na za Uturuki. Wapiganaji waliokodiwa kutoka Colombia, askari wastaafu wa nchi iliyo ng'ambo ya Atlantiki, wamepigana Darfur upande wa RSF. Misri imesimama na Burhan. Libya ya mashariki imekuwa ghala la njiani. Urusi inautamani ufuo wa Bahari ya Shamu kwa ajili ya manowari zake. Kila mmoja ana sababu yake, na kila sababu ina mlipaji. Hata Ulaya, iliyoanzisha mwaka 2014 ushirikiano wa kudhibiti wahamaji uliopewa jina la Khartoum, ilimpa Hemedti nafasi ya kujigamba kwamba anawalindia mpaka wao. Umoja wa Ulaya unasema haukuwahi kuwalipa RSF. Sawa. Lakini wakati huo Khartoum ilijifunza kwamba dunia iko tayari kuongea na yeyote atakayewazuia watu wasifike pwani.

Ndiyo maana sikubaliani na usemi kwamba hii ni vita iliyosahauliwa. Waliosahauliwa ni watu. Vita yenyewe inafahamika vizuri sana, mpaka bei yake kwa gramu.

Watu wenyewe wanaishi wapi? Zaidi ya 800,000 wamevuka kuingia mashariki mwa Chad, wengi kupitia Adré, mji mdogo wa mpakani ambao ghafla ulizungukwa na vibanda vya matawi na matambara hadi upeo wa macho. Wengi wao ni Wamasalit waliotoka El Geneina mwaka 2023, ambako wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria watu kati ya 10,000 na 15,000 waliuawa. Misri imepokea zaidi ya milioni moja. Wengine wanajaribu bahari kutoka Libya kwenda Ugiriki. Kipindupindu kilipita mipaka pamoja na wakimbizi: mlipuko wa Sudan Kusini ulianzia Renk, mji ambao waliokimbia vita huufikia kwanza, na Chad nayo ikaupata. Agosti 2024 njaa ya kiwango cha juu kabisa ilithibitishwa katika kambi ya Zamzam, nje ya El Fasher. Aprili 2025 RSF wakaivamia kambi yenyewe. El Fasher ilizingirwa kwa zaidi ya siku 500. Watu walikula ambaz, mashudu ya karanga ambayo hulishwa mifugo. Ilipoanguka tarehe 26 Oktoba 2025, Shirika la Afya Duniani liliripoti zaidi ya watu 460, wagonjwa na waliokuwa nao, kuuawa katika hospitali ya uzazi. Damu na miili vilionekana kwenye picha za setilaiti.

Waliobaki kuwalisha wenzao ni majirani. Vijana wa mitaa waliunda vyumba vya dharura, wakapika kwenye masufuria makubwa ya pamoja, takaya, kwa desturi ya zamani ya nafir, ambayo mtu wa Ukerewe au wa Machakos angeitambua mara moja: kijiji kinaitana, kazi inafanywa, hakuna anayelipwa. Marekani ilipoisimamisha misaada yake mwanzoni mwa 2025, mengi ya majiko hayo yalizimika ndani ya wiki chache. Mwaka huo Umoja wa Mataifa uliomba dola bilioni 4.2 kwa ajili ya walio ndani ya Sudan na ukapata sehemu ndogo tu ya hizo. Linganisha na dhahabu iliyoondoka mwaka huohuo, wakati bei yake duniani ilipovuka dola 4,000 kwa aunsi kwa mara ya kwanza.

Je, sisi tunaweza nini? Zaidi ya tunavyojiambia. Sudan ni mwanachama wa Mkutano wa Kimataifa wa Eneo la Maziwa Makuu, wenye makao yake Bujumbura, na tangu Azimio la Lusaka la 2010 nchi wanachama zimejifunga kwa utaratibu wa vyeti vya asili ya dhahabu. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Tanzania zimo. Cheti hicho kimedharauliwa na wengi, lakini kipo, na serikali zetu zina haki ya kudai kwamba dhahabu isiyo na asili isiguse viwanja vyetu vya ndege wala viwanda vyetu vya kusafishia. Pili, milango ya ikulu. Kati ya Desemba 2023 na Januari 2024 Hemedti alizunguka Uganda, Ethiopia, Djibouti, Kenya, Afrika Kusini na Rwanda, akilakiwa kama mkuu wa nchi, miezi michache tu baada ya mauaji ya El Geneina. Mpatanishi lazima azungumze na wenye bunduki, nakubali. Zulia jekundu si mazungumzo. Nairobi ilidhani inaweza kuwa ukumbi wa upande mmoja na duka la upande mwingine. Jibu lilikuja kwenye makontena ya chai.

Nilikutana Dar es Salaam na kijana wa Kisudani anayesomea udaktari. Vita ilipokivunja chuo chake cha Khartoum mwaka 2023, sehemu ya wanafunzi walipokewa Muhimbili, wengine Kigali. Alikuwa amejifunza Kiswahili cha wodini kwanza: pumua, shusha, inauma wapi, tangu lini. Nilimuuliza atarudi lini. Akasema bibi yake alizoea kumwambia kwamba Sudan ina watoto nje kuliko ndani, na kwamba wengine wao tunaishi nao bila kuwajua.

Bibi huyo alikuwa sahihi. Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi, na Januari 1885 Khartoum ikaanguka mikononi mwa wafuasi wake. Askari wa Kisudani waliokuwa kusini kabisa, Equatoria, chini ya gavana Emin Pasha, wakakatiwa njia ya kurudi nyumbani. Mvumbuzi Stanley alitumwa kumwokoa Emin, akamfikisha Bagamoyo Desemba 1889, na usiku wa karamu ya mapokezi Emin akaanguka kutoka dirishani, nusura afe. Pwani yetu ilikuwa imeshaguswa tayari: Mjerumani Hermann von Wissmann, aliyeandaa karamu ile, alikuwa ameajiri Cairo mamia ya askari wa Kisudani ambao vita ya Mahdi iliwaacha bila kazi, na kwa bunduki zao akapambana na Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, aliyenyongwa Pangani mwezi huohuo. Vita ya Sudan ilikwisha kutusaidia kutawaliwa kabla babu zetu hawajajua Sudan iko wapi.

Waliobaki nyuma, wale wa Equatoria, walikaa magharibi ya Ziwa Albert na wake na watoto wao chini ya ofisa wao Selim Bey. Mwingereza Lugard aliwafuata mwaka 1891, akawachukua wawe jeshi lake Uganda. Mwaka 1897 waliasi, wakazimwa, wakaandikwa upya. Kutoka kwao wakatokea Wanubi wa Bombo na wa Kibera, pori nje ya Nairobi walilopewa mwanzoni mwa karne ya 20 kama malipo ya utumishi, bila hati. Pori likawa mtaa, mtaa ukawa mji ndani ya mji, na wao wakaitwa wageni kizazi baada ya kizazi, wakiulizwa maswali ya ziada kila walipoomba kitambulisho.

Juni 2017 serikali ya Kenya iliwakabidhi hati ya ekari 288 za Kibera. Ilikuwa imepita miaka 132 tangu Khartoum ianguke. Huko Kiryandongo, Uganda, makumi ya maelfu ya Wasudani waliokimbia vita ya 2023 wanagawiwa viwanja vidogo vya kujenga, na watoto wao wameanza shule.